Sista Nashipae, Nesi Aliyetoka Vitani

Mwanangu, kabla hujaenda kuanza chuo cha unesi, keti kidogo nikwambie habari ya siku moja pale Noonkopir, mji mdogo karibu na Nairobi, ambayo ningependa kuisahau na siwezi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Magharibi na cheti kipya, nikaajiriwa katika zahanati ndogo. Mkubwa wangu alikuwa Sista Nashipae, msichana wa kwanza wa kijiji chao, huko upande wa Ewuaso Kedong, kusomea unesi. Vita vilipozuka nchi jirani na manesi wakatakiwa huko, wenzake waliomba wasitumwe. Yeye aliomba aende. Alikaa huko miaka miwili akitibu majeruhi ndani ya mahema. Hayo tuliyasikia kwa watu, maana yeye hakuwa mtu wa kujisifu.

Basi siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Akaja mzee mmoja mchunga mbuzi, mguu umefungwa kitambaa kichafu, ananuka usaha. Watu waliokuwa wakiwahi kazi Nairobi wakakunja pua. Nami, kwa kutaka kuwapendeza, nikamwambia akangoje kwenye benchi ya nje. Nikawahudumia waliokuja nyuma yake, mmoja baada ya mwingine. Hakulalamika. Nilidhani ni mpole tu.

Sista Nashipae alipofika alimsalimu, "Supa," kama alivyomsalimu kila mtu. Mzee akajaribu kuitikia, kinywa kikakataa kufunguka. Sista akapiga magoti pale pale vumbini, akamshika taya. Ilikuwa pepopunda. Hakunigombeza. Aliagiza maji, akakiosha kile kidonda kwa mikono yake, kisha akasimamisha pikapu ya muuza nyasi na kumpeleka mwenyewe hospitali, Kajiado.

Aliporudi jioni alinikuta nalia. Akaketi karibu nami.

"Kule vitani," akasema, "nililetewa askari wa ule upande uliokuwa unatupiga mabomu. Nikasema angoje, niko na watu wangu kwanza. Nilipomrudia alikuwa amekufa. Hata jina sikumuuliza."

Nikafuta machozi.

"Kesho uende Kajiado," akaongeza. "Huyu wako umuulize jina."

Nilienda. Aliitwa Lemayian. Wiki nzima hakuweza kuniambia mwenyewe. Ni mkewe aliyeniambia. Niliendelea kwenda mpaka alipotoka akitembea, na sijui kama aliwahi kunisamehe, kwa sababu niliogopa kumuuliza.

Nimefanya kazi na madaktari na manesi wengi tangu hapo. Sijaona mwingine kama Sista Nashipae, mtu aliyepita katika mabomu na bado akapiga magoti vumbini kwa ajili ya mzee asiyemjua.

Kwa hivyo, mwanangu, ukivaa ile sare, usimpime mgonjwa kwa nguo zake wala kwa wale waliomkunjia pua. Anayepiga kelele utamsikia tu. Mwangalie kwanza aliyenyamaza, na umuulize jina. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, urudi kwa yule uliyemkosea.

Mungu aipe mikono yako wepesi na moyo wako subira, na wote utakaowagusa waende nyumbani kwa miguu yao.