Nilimuuzia mjomba gari ambayo sikuiuza

Admin, jina langu lifiche, na kijiji nacho kiache, maana huku kaskazini ya Pemba mtu akipiga chafya Wingwi anaombewa dua Kiuyu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nina mume na watoto wanne, na mdomo wangu unajulikana. Wenye kunitambua watanitambua, potelea mbali.

Tulikuwa na gari ndogo ya mizigo. Niliinunua mimi kwa urithi wa baba, na kadi yake ilikuwa na jina langu. Mume wangu akiiendesha, akipeleka ndizi na muhogo wa watu sokoni Wete. Msimu wa karafuu uliopita alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika nyonga. Ikabidi apelekwe Unguja kupasuliwa, na mimi hata nauli ya boti sikuwa nayo.

Nikamwendea mjomba, ndugu pekee wa mama yangu. Mjomba ana duka, msikitini haikosi safu ya mbele, na wenye shida humpelekea kadi za vespa zao akawakopesha. Nilikwenda na mama. Akatusikiliza vizuri, akasema pesa zipo, ila riba yeye haiingizi nyumbani kwake. Kwa hiyo tuandike kwamba nimemuuzia gari. Gari nibaki nayo, niifanyie kazi, na nikimrejeshea pesa yake na shukrani kidogo juu, ananirudishia kadi. Huku si jambo geni, wazee wetu walifanya hivyo hivyo kwa mashamba ya mikarafuu.

"Karatasi ile ni ya kutuepusha na dhambi tu, mwanangu," aliniambia.

Dhambi gani inayokimbia karatasi, jamani? Lakini siku ile sikuliwaza hilo, nilimuwaza mume wangu kalala anauma kanga asipige kelele. Nikasaini kwamba nimeuza, na kadi nikampa. Mashahidi waliitwa baadaye kutoka barazani, wakasaini bila kuuliza.

Nikaweka dereva, na nimelipa, wallahi nimelipa, nikimpa mjomba mkononi. Risiti sikudai, nani anamdai mjomba wake risiti? Ilibaki kidogo. Mvua zilipoanza gari ikaharibika, nikachelewa. Asubuhi moja nikakuta uwanja mtupu. Mbio kwake, naikuta gari yangu na jina lake limeshaandikwa mlangoni kwa rangi. Akanambia kwa upole kabisa kwamba gari aliinunua, na zile nilizokuwa nikimpa ni kodi ya kuitumia. Kodi!

Nikaenda Wete kwa dada mmoja anayetoa msaada wa sheria. Akanieleza kwamba anayefanya biashara ya kukopesha watu anatakiwa awe na leseni. Kwamba gari ikiwekwa rahani iandikwe rahani, mwenye gari anabaki kuwa mwenyewe, na mkopeshaji haibebi kimyakimya, anatoa notisi kwanza. Ikiuzwa, pesa inayozidi deni inarudi kwa mwenyewe. Kila alilosema lilinichoma, kwa sababu karatasi yangu haisemi rahani, inasema nimeuza. Kesi bado ipo, akasema, lakini hakimu atataka mtu aliyesikia makubaliano yenyewe kabla ya kuandikwa. Mtu huyo ni mama peke yake.

Mama anaishi kwa mjomba tangu baba afariki. Nilipomwambia alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua. Mwisho akasema, "Ukin'ita n'taapa, na n'tasema kweli, siwezi kumkabili Mungu na uongo. Ila siku hiyo nifungie nguo zangu, maana kwake sirudi tena."

Mume wangu, bado yuko kwenye magongo, anasema tusamehe. Asamehe yeye, gari haikuwa na jina lake! Halafu naona haya kwa kusema hivyo. Watoto wanakunywa uji mchana na usiku. Na mjomba tukikutana njiani ananiuliza hali ya mgonjwa, namjibu, nafika nyumbani nalia.

Yule dada anataka jina la shahidi wiki hii. Ndugu zangu, msiniambie nisubiri, na kusali nasali. Mama yangu ni mzee, na ndugu aliyebakiwa naye duniani ni huyo mmoja. Nimtaje, au niiache gari iende?