Siku Niliyoandika Majina Ufukweni

Afadhali mnisikie mwenyewe kabla ya majirani kuwaambia. Mimi ni mwalimu hapa Rumonge, na ugonjwa wangu ni mchezo mmoja wa mpira unaochezwa kwenye kompyuta tu. Mimi nina simu. Kila asubuhi niliwaandikia watengenezaji watoe na toleo la simu, hadi wakanijibu: tuonyesheni kwamba mko wengi.

Sikutulia tena. Jumamosi nilichukua kaye, daftari la darasani, na kalamu, nikashuka ufukweni kwa wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikaanza kueleza habari ya mchezo, lakini walipoiona kaye hakuna aliyenisikiliza tena. Walipanga mstari. Mama Habiba, muuza ndagala, aliandikisha watoto saba na mkwe. Mama mzee mmoja, hata simu hana, akanishika mkono: "Mwalimu, usinisahau!" Nami, mpumbavu, nikafurahi kwamba mpira unapendwa hivyo. Nikawaita wote shuleni Jumatatu tupige picha ya kuwatumia watengenezaji.

Jumatatu uwanja ulifurika watu, kila mmoja na gunia au ndoo. Mama Habiba akasogea.

"Mwalimu, tangu ziwa iingie mu nyumba tunangoja. Kamyo ya musaada iko wapi?"

Kumbe walingoja lori la chakula! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huku kwetu anayepita na kaye huandika watakaogawiwa chakula. Nikatoa simu kwa aibu, nikawaonyesha picha ya mchezo.

Mama mzee akaitazama, kisha akafungua gunia lake.

"Murakoze, asante, mwalimu. Itie humu."