Bernadeta Gorczyca na Kuuzwa kwa Nahodha

Zamani, meneja akimuuza mchezaji tulingoja misimu mitatu ndipo tumhukumu. Siku hizi mchezaji hajafunga hata begi lake, na kila mwenye simu ameshatoa hukumu, ameshatukana na amekwenda kulala.

Mimi ni mtu wa Toledo, wa mtaa wetu wa Wapolandi, na elimu yangu niliipata kwenye maktaba ya bure baada ya zamu ya kiwandani. Nimesoma habari za mahakimu wa mataifa makubwa. Sijaona aliyemzidi Bernadeta Gorczyca, na yeye alihukumu mpira wa kikapu tu, kwenye meza yenye harufu ya samaki.

Meza ile ilikuwa katika ukumbi chini ya kanisa letu. Kila Ijumaa ya Kwaresima mtaa mzima ulikula pale samaki wa kukaanga, kabichi na pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi ndani. Sahani zikishaondolewa, kesi ilianza. Meneja mkuu wa timu yetu alimtoa nani, akampata nani, na je, alifanya sawa? Mmoja alishtaki, mwingine akatetea. Hakimu akiweka bilauri yake wima, meneja ameshinda, akiifudikiza, ameshindwa. Upande ulioshindwa uliosha vyombo vya ukumbi mzima, na sufuria zile za mafuta hazikuwa za mchezo.

Misimu mitatu ilikuwa sheria. Wazee wetu walisema mauzo ni kama kabichi inayochachushwa pipani: ukifunua kesho yake utanusa uvundo tu.

Bernadeta alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha vioo, akikagua chupa zikipita mbele ya taa na kuzitoa zenye kiputo au ufa. Siku moja msimamizi alimsihi apitishe chupa zilizoharibiwa na shemeji yake Bernadeta mwenyewe. Akamjibu, "Chupa haina mama," akazitupa zote. Hakimu wa zamani alipofariki, wanaume wanne waligombea kiti chake hadi wakakaribia kushikana mashati. Paroko akasema apewe yule ambaye hajawahi kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Tukatazamana. Timu ikizidiwa sisi tulikuwa tunakimbilia magari. Bernadeta alibaki na koti lake mapajani, akiwatazama wachezaji wa akiba kana kwamba ni fainali.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Ray. Ray alicheza kwenye uchochoro wetu, akakua, akawa mchezaji wa timu ya Toledo, kisha nahodha. Usiniulize tulijisikiaje. Watoto watatu waliobatizwa mwaka ule waliitwa Ray, na mmoja wao alikuwa msichana.

Ndipo akaja meneja mpya, Halvorsen, mtu mpole asiyependa maneno. Akasema timu imezeeka, lazima ibomolewe ijengwe upya. Majira ya baridi yale yale akamuuza Ray kwa timu ya Omaha. Alichopata ni kijana mrefu mwembamba ambaye hata kudaka mpira ilikuwa shida, pamoja na nafasi mbili za kuchagua chipukizi wakati wa kiangazi, timu zinapogawana vijana wapya. Mtaa ulilia. Chet Nowicki, muuza nyama wetu, alitundika picha ya Halvorsen kwenye ndoano ya soseji.

Bernadeta akasema neno moja tu: "Bado."

Timu ikafungwa msimu mzima, ikafungwa tena ule uliofuata. Huko Omaha Ray alicheza kidogo, goti likamharibikia, akapasuliwa na madaktari, akaachwa. Akarudi nyumbani akichechemea. Kila siku alikaa dukani kwa Chet na kusimulia kwamba alitoka Toledo mzima kama kengele, na kwamba ni Halvorsen aliyemvunja kwa kumtupa ugenini. Tuliamini kila neno.

Ijumaa ya kesi ya mauzo yale ilipofika, msimu wa tatu, watu walijaa hadi kwenye ngazi. Ray alikaa upande wa mashtaka, bega kwa bega na Chet. Utetezi uliniangukia mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

"Kabla hatujaanza," Chet akasema, "dada Berni, shuka kwenye kiti hicho. Chupa haina mama, sawa. Ray anaye, na ndiye wewe."

"Chet, wewe ni binamu yangu, na soseji zako nazila tangu baba yako yuko hai. Nimewahi kukwambia ni tamu?"

"Hujawahi, dada."

"Basi kaa, ushtaki."

Ukumbi ulicheka, lakini Ray hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, na sote tulijua anachongoja: kwamba usiku ule, mbele ya watu waliomwona akibatizwa, mama yake aseme alionewa.

Nilitetea. Nikasema yule kijana mwembamba sasa anazuia mipira kama mlango wa benki, chipukizi mmoja amekuwa mfungaji wetu mkuu, na timu imeingia hatua ya mtoano.

"Na yule chipukizi wa pili?" Chet akanguruma. "Alinenepa, akarudi kwao kuuza magari! Wewe Walenty, vitabu vimekuharibu macho. Tumetoa nahodha mzima, aliyebakiwa na miaka mitano ya mpira miguuni, tukapewa vijana wawili na muuza magari!"

Hapo Chet alikuwa na haki. Kama Ray aliondoka mzima, Halvorsen alipunjwa, na sisi naye. Nikaketi.

Bernadeta alizungusha bilauri mkononi. Hakimu aliruhusiwa kumuuliza yeyote.

"Ray. Simama."

"Mama, goti."

"Basi jibu umekaa. Msimu wako wa mwisho hapa, kabla hujauzwa, goti hilo lilikuwaje?"

"Lilikuwa linauma kidogo. Kama la kila mtu."

"Nani alikuwa anakuvua viatu jikoni kwangu?"

"Dada Berni, muache kijana," Chet akasema.

"Wewe nyamaza, shughulika na soseji. Ray, nijibu mimi, au utajibu wewe?"

Masikio ya Ray yalikuwa mekundu. "Lilikuwa limekwisha," akasema. "Krismasi ile sikuweza kupanda ngazi. Daktari wa timu nilimficha. Halvorsen aliniona nikishuka basini. Hakusema kitu, lakini alijua."

"Alijua, akakuuza wakati bado una bei," Bernadeta akasema. "Ningekuwa kwenye kiti chake ningefanya hivyo hivyo, halafu ningerudi nyumbani nikalia." Akaweka bilauri wima. "Mauzo mazuri."

"Na Omaha je?" mtu akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Omaha wana kanisa lao. Wakahukumiane huko."

Hakuna aliyepiga makofi. Ray alishika ukingo wa meza, akainuka, akakusanya sahani zilizobaki na kuelekea jikoni kuosha. Mama yake alichukua taulo akamfuata, ingawa sheria haikumdai. Chet akaenda nyuma yao akipenga kamasi. Nilibaki nimekaa, nikijivunia kwamba mimi ni mtu wa mtaa huu na si wa mwingine wowote.

Mtaa wenyewe hauko tena. Parokia ilifungwa, na ukumbi sasa ni ghala la magodoro. Meneja wa leo anahukumiwa na watu wasiojua hata kiti cha uwanjani kina ubaridi gani.

Mwaka uliofuata kesi ile, shule moja ya Omaha ilimwita Ray akafundishe vijana wao kikapu, naye akaamua kuhama na mama yake. Niliwaona mara ya mwisho asubuhi moja ya Machi, theluji chafu ikiyeyuka kando ya njia. Majirani wote walikuwa wamesimama nje. Ray alishuka ngazi za nyumba yao polepole, na alipofika ya mwisho mama yake akamtegea bega. Akaliegemea kwa uzito wake wote, barabarani, mchana kweupe, sote tukimtazama, na hakufanya haraka kuliachia.