Mjane na Injini ya Nne

Gari la Servando Socarrás liliitwa Mjane, na jina hilo halikuwa la huzuni. Mtaa ulilibandika kwa mzaha. Tangu baba yake Servando alinunue zamani, akiwa bado kijana, lilikuwa limezika injini tatu na bado lilipita mitaani na rangi yake ya samawati kama mtu aliyetoka kuoga. Injini ya tatu ilikufa kwenye barabara ya Nuevitas, abiria wa nauli wakiwa ndani, mvua za Mei zikianza. Servando alirudi mjini kwao Camagüey akivutwa kwa kamba nyuma ya trekta. Akashuka, akanawa mikono, akaketi kwenye kiti chake cha bembea barazani, na tangu hapo hakuonekana kuwa na sababu ya kuinuka.

Mkewe, Nereida, alimtazama akibembea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amechonga vyuma katika karakana ya reli tangu usichana wake mpaka alipostaafu, mwanamke peke yake kwenye safu ya mashine za leithi, na aliyeishi ndani ya kelele namna ile huzoea kusema linalohitajika tu. Ni huko walikokutana. Servando alikuja kuomba achongewe kipande cha gari hilohilo, na kesho yake akarudi kulalamika kwamba kipande hakikai vizuri. Kilikuwa kinakaa vizuri kabisa.

Binti yao Maylén alipiga simu kutoka Havana. Alikuwa na chumba cha ziada, ghorofa ya tano. Kulikuwa na bwana mmoja wa Ciego de Ávila, Olegario, aliyekuwa akinunua magari ya zamani na kuyang'arisha kwa ajili ya watalii. Angekuja Jumapili kumtazama Mjane. Gari liuzwe, nyumba ifungwe, wazee waje wapumzike.

"Tupumzike kwa kazi gani?" Nereida aliuliza simu ilipokatika.

"Mama, tumezeeka," Servando akasema, kiti kikienda na kurudi. "Dereva asiye na gari ni mzee tu wa kukaa barazani."

"Basi utakaa baraza ya ghorofa ya tano, ukodolee matangi ya maji juu ya mapaa ya watu."

Kiti kiliendelea kwenda na kurudi. Nereida akautazama ua wake: mtungi mkubwa wa udongo uliozikwa nusu ardhini ukikinga maji ya mvua, mpera, ukuta wenye doa la oili lisilotoka. Alijua kwamba akiondoka hapo hatakuwa amehama. Atakuwa amehifadhiwa, kama vyombo vya wageni kabatini.

"Nipe mpaka hiyo Jumapili," alisema. "Mjane akipanda daraja la juu ya reli akiwa amejaa abiria, tunabaki. Akishindwa, nitafunga mizigo mwenyewe, na hutasikia lawama."

Kiti kilisimama. "Amejaa?"

"Amejaa. Wanane na dereva."

"Kwa injini ipi?"

"Iko moja huko Vertientes, inavuta maji ya mpunga."

"Hiyo ni pampu, mama."

"Ni dizeli. Haijui kama inavuta maji au inamvuta Zoraida."

"Nimesikia!" Zoraida akapaza sauti upande wa pili wa ukuta. Alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mitaa miwili, na hakuna lililompita.

Injini ililetwa kwa mkokoteni wa farasi, inanuka tope. Waliining'iniza kwa mnyororo kwenye kipande cha reli ambacho Nereida alikuwa amekilaza toka ukuta hadi ukuta, na Eudaldo, mume wa Zoraida, kinyozi mwenye mikono laini, akawa mvuta mnyororo. Ili kupata nafasi ya kufanyia kazi waling'oa viti vyote vya gari, wakavipanga chini ya mpera, wakawa wanavikalia wakati wa kahawa. Ulikuwa mpango mzuri. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Kisha taabu zikaanza kuja moja baada ya nyingine, kila moja ikingoja mwenzake itatuliwe. Injini ilikuwa ndefu. Feni ikagusa rejeta inayopoza maji ya injini, ikabidi rejeta isogezwe mbele mpaka ikapumulia mgongo wa grili, ule wavu wa pua ya gari. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikalia chuma cha usukani. Nereida akaikata akaichomelea upya, imepinda kando. Matundu ya injini hayakukutana na matundu ya giaboksi, akarudi karakana kwa wenzake wa zamani, wakampa mashine yake ileile, akachonga sahani nene ya chuma ya kuyaunganisha. Raba za kukalia injini alizikata kwenye tairi la lori. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, aliifupisha kwa kipimo alichokichukua mara tatu, kwa vile hakuiamini mara ya kwanza wala ya pili.

"Dada Nereida," Eudaldo alisema akipangusa jasho, "huyu bibi umemfanyia upasuaji mwili mzima. Akiamka atauliza yeye nani."

"Wewe vuta."

Servando hakuja uani. Alibembea barazani. Lakini Nereida aligundua kwamba kila chuma kilipogonga chuma, kiti kilinyamaza. Alikuwa anasikiliza. Hilo lilimpa nguvu kuliko kahawa.

Ijumaa wakarudisha viti, wakawasha. Moshi ukapanda juu ya mpera, Mjane akatetemeka mwili mzima, kisha akatulia kwenye mngurumo mzito wa shambani.

"Vifuniko vya sufuria zangu vinacheza rumba!" Zoraida alipiga kelele jikoni kwake.

Nereida akamwendesha peke yake, akazunguka mitaa iliyopindapinda mpaka kwenye uwanja wa kanisa na kurudi. Hakuna kilicholalamika. Alipofika mlangoni, Servando alikuwa amesimama. Kiti nyuma yake kilikuwa bado kinabembea.

Jumamosi wakajaza abiria, majirani tupu, Zoraida katikati ya kiti cha nyuma, Servando mbele kama mgeni ndani ya gari lake. Walipoanza kupanda daraja, chini ya sakafu kukagonga. Ko. Ko. Halafu ko-ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa ndani anataka kutoka. Nereida akazima injini katikati ya mwinuko. Watu wakashuka, baiskeli zikawapita, na mtu mmoja akauliza kutoka kwenye baiskeli yake kama huo ni msafara wa mazishi.

"Injini ya nne nayo imekufa!" akaongeza. "Mjane gani huyu?"

Walimsukuma kurudi. Servando aliingia ndani akarudi kwenye kiti chake. "Umejitahidi, mama," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuumiza Nereida.

Alikaa ukingoni mwa mtungi mpaka kahawa yake ikapoa. Peke yake, gari lilikuwa limekwenda kama maji. Na watu, liligonga. Akazitazama nyasi chini ya mpera, pale palipolala viti vya gari, bado zimelala, za njano. Ndipo damu ikampanda usoni. Karakana hawakupima behewa tupu hata siku moja; behewa tupu linasimama kwa maringo, mzigo ndio unaolishusha. Na yeye, baada ya miaka yote ile, alikuwa amempima Mjane akiwa mtupu, hata viti havimo, wenyewe wamevikalia wanapiga soga. Abiria wakijaa, gari hushuka, propela hubaki palepale, na sakafu huishukia na kuikalia.

"Zoraida!" aliita juu ya ukuta. "Kesho asubuhi nakutaka ndani ya gari. Wewe na kila mtu wa leo."

"Tunakwenda wapi?"

"Popote. Mnakaa tu."

Jumapili, Mjane alisimama uani magurudumu yote juu ya mataruma ya reli, na mtaa ukaingia ndani kama unakwenda pwani. Mtu alikuja na karanga. Nereida akalala chini na chaki.

"Msitikisike!"

"Mwambie huyu asile, anaongezeka," sauti ikatoka nyuma.

"Natafuna, sitikisiki."

Nafasi ya dereva ilikuwa wazi. Nereida alitoa kichwa. "Mzee!" aliita kuelekea barazani. "Uzito wako nao ninauhitaji. Hesabu haikai bila dereva."

Kiti kikalia. Kisha hatua. Mlango ukafunguka, springi zikalia, na kutoka chini Nereida aliona sakafu ikishuka kidogo, kidogo tu, ikaigusa propela. Akaweka alama ya chaki. 

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Waliwashusha watu, wakashusha chuma kilichobeba mkia wa giaboksi kwa vipande vya bati nene, ili propela iinamishe kichwa na kuiepuka sakafu. Aliyeshika jeki alikuwa Servando, amelala ubavuni mwake, shati la Jumapili likinywa oili.

"Kaza bolti ya kushoto kwanza," Servando alisema.

"Nani fundi hapa?"

"Wewe. Kaza ya kushoto kwanza."

Akakaza ya kushoto.

Watu walipoitwa warudi ndani kwa majaribio, mmoja alipungua: Eudaldo alikuwa amekwenda kumnyoa mtu. Wakati huohuo akaingia bwana aliyevaa kofia na shati lililopigwa pasi, amefuata namba ya nyumba. Ni Olegario wa Ciego de Ávila. Zoraida akamtazama juu mpaka chini kupitia dirishani.

"Kaka, wewe na Eudaldo mnalingana. Ingia."

"Mimi nimekuja kuliona gari."

"Utaliona vizuri zaidi ukiwa ndani."

Akaingia, kofia magotini. Nereida akabanana na wa mbele, Servando akashika usukani, na wakatoka. Wakafika darajani. Mjane akainua pua, mngurumo ukawa mzito, Servando akashusha gia. Walipofika mahali palipogonga jana, Zoraida alikuwa amefumba macho. Nereida hakufumba. Alikuwa anasikiliza kwa nyayo.

Hapakugonga.

Reli zikapita chini yao ziking'aa, mapaa yakashuka, upepo ukaingia madirishani, na kiti cha nyuma kikalipuka kwa makofi.

"Bwana Olegario," Servando alisema bila kugeuka, "nikushushe wapi? Kituo cha basi?"

"Mlikuwa mmeniita ninunue!"

"Tunakushukuru kwa uzito wako."

Hata Olegario akacheka, ingawa kwa kuchelewa. Nereida aliinamisha kichwa kusikiliza. Kulikuwa na kamluzi kembamba mbele, na harufu ya maji moto.

"Rejeta inachemka," alisema.

"Naisikia." Servando akapunguza mwendo, mkono mmoja dirishani kama zamani. "Kesho tutaitazama."