Sukari ya Mkutanoni

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wa Chakol wanapokutana katika ukumbi wa kanisa kukumbushana mabaya waliyotendeana miaka ya wizi wa ng'ombe, mama wa chai hukaa kando na birika lake kama hasikii lolote. Mkebe wa sukari huubana kwapani, na kijiko hakimtoki mkononi hata anapofuta meza. Hakuna anayejitilia sukari mwenyewe. Yeye ndiye huzunguka, akiimbia puani wimbo wa kwaya, na kila mtu hupata anachopata. Mzee Emorut alichukua miezi mitatu kung'amua kwamba aliyesema kweli hupata vijiko viwili, na aliyezungusha maneno hupata kimoja, tena kisichojaa.

Siku yake ilipofika, alisimama akasema ng'ombe wa Akwii walivushwa mpaka hadi Uganda na watu wasiojulikana. Yeye alisikia tu. Akwii, mjane wa watu, alikuwa kiti cha mbele, macho sakafuni. Chai ikaja.

"Mama, umesahau sukari."

"Sijasahau, mzee. Wewe ndio umesahau."

Watu wakacheka. Akwii hakucheka. Emorut akakodolea kikombe macho hadi chai ikafanya utando, kisha akasimama tena.

"Ni mimi nilifungulia hao watu boma ya Akwii."

Vijiko viwili, vimejaa pomoni. Akikoroga, alimwona mama wa chai akijimiminia yake bila sukari, kama afanyavyo kila mwezi.

"Na wewe, mama?"

"Mimi bado, mzee," akasema, akafunga mkebe.