Mume Wangu Amechoma Chapa Kwenye Ngozi za Machinjioni Ili Apunguziwe Matunzo ya Binti Yake

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku Karatu tunajuana. Nina miaka 29 na mtoto mmoja wa miezi minane. Mume wangu ni mfugaji, na msimu wa wageni anaendesha magari ya utalii. Kabla yangu alikuwa na mke mwingine. Walipoachana, mahakama ikamwamuru atoe matunzo ya binti yao, sasa yuko darasa la pili.

Juzijuzi akaenda kuomba amri ile ibadilishwe, apunguziwe. Karani akamwambia haipunguzwi kwa kulalamika, lazima athibitishe kuwa hali yake imebadilika tangu amri itolewe. Basi akaandika kwamba ng'ombe wake wote wamekufa kwa ukame kule Olbalbal. Uongo mtupu. Ng'ombe wako hai Loliondo, kwa baba yangu mzazi, walihamishwa kimyakimya.

Jumamosi akaja na ngozi mbichi za machinjioni. Akawasha jiko langu, lile lile ninalopikia uji wa mtoto, akachoma chuma cha chapa ya ukoo wao na kuzigonga zile ngozi, zionekane ni za ng'ombe wake waliokufa, apige picha za ushahidi. "Shika hapo mama, vuta vizuri." Nami nikashika, nikavuta. Harufu imeganda kwenye mapazia. Sasa hivi akinyoosha mkono kumega ugali, nainuka naenda kukaa nje.

Nikampigia baba nikidhani atamkemea. Akanijibu, "Hao ni ng'ombe wa mjukuu wangu. Wewe unawashwa na nini?" Baba yangu huyo, mzee wa kanisa.

Tena kwenye yale maombi yake ya mahakamani, sababu ya pili ni mwanangu, eti ana mtoto mwingine wa kulea. Mwanangu ambaye hata sabuni yake nanunua kwa biashara yangu ya mboga. Na juzi binti yule alikuja kumsalimia mdogo wake, akamletea sweta alilovaa yeye akiwa mchanga. Nilishindwa kumtazama usoni.

Wiki ijayo naitwa kama shahidi wa mume wangu. Nikisema ukweli atanifukuza, na kwetu ndiko walikofichwa ng'ombe, sina pa kurudi. Nikinyamaza, mtoto wa watu anapunguziwa chakula na mimi ndiye niliyeshika ngozi. Dada zangu, kaka zangu, nishaurini, nikiulizwa pale mahakamani nijibu nini?