Samaki Waliolipa Kodi

Shangazi yangu Amisa alikuwa mwongo, na nasema hivyo kwa heshima. Kasongo nzima hapakuwa na ulimi mwepesi kama wake, na uongo wake mkubwa kuliko yote aliutoa kwa ajili ya samaki.

Aliishi kwa migono yake, mitego ya samaki iliyosukwa kwa fito. Aliitega katika hori moja ya Lualaba, maji yaliyotulia nyuma ya miamba, ambamo samaki huingia kutaga mto unapofurika. Alichopata alikikausha kwa moshi, akauza sokoni. Kisha akaja Bwana Michel, mzungu aliyewauzia chakula wachimba dhahabu wa Kabambare, akatandaza wavu wa matundu madogo kutoka mwamba hadi mwamba. Wavu ule haukuacha hata vifaranga. Haukupita muda, migono ya shangazi ikawa inatoka na majani matupu.

Hapo ndipo Serikali ilipomleta Bwana Octave, mtaalamu wa samaki, mtu mpole aliyeshinda majini hadi kiunoni. Alikamata samaki wadogo wa hori ile, akawafunga kibati kidogo kwenye pezi, akawaachia. Akatangaza ufukoni: atakayemvua samaki mwenye kibati amletee, apewe chumvi. Vibati vikirudi vingi na samaki wakiwa bado wachanga, itajulikana kwamba wanamalizwa kabla ya kuzaa, na wavu utaondolewa. Visiporudi, wavu utabaki. Shangazi alilisikia neno hilo la mwisho kuliko mengine yote.

Hakikurudi hata kimoja. Siku zile kila mwanamume alivaa shingoni kibati cha kodi, na askari akikukuta huna, unafungwa kamba. Vibati vya Bwana Octave havikutofautiana sana na vile. Wavuvi waliinua samaki, wakaona bati, wakamhurumia.

"Huyu alishalipa kodi," alisema mvuvi Atumani, akimrudisha majini taratibu. "Mumuache atembee."

Bwana Octave alieleza mpaka sauti ikamkauka. Lakini mzungu anayesema bati si kodi, ni chumvi tu, nani amwamini? Hata wafanyakazi wa Bwana Michel waliwaachia. Mwishowe mtaalamu akaanza kufunga masanduku yake, akisema inaonekana wavuvi hawawapunguzi samaki wa hori ile.

Shangazi akaenda sokoni, akakaa katikati ya wauza mawese, akanong'ona kwa namna ya kusikiwa na wote.

"Muliona ile vibati? Ni ya mwaka uliopita. Ile samaki hawayalipa ya mwaka huu. Bula Matari iko nawatafuta."

Bula Matari ndiyo Serikali ya wazungu, na habari ilifika mtoni kabla yake. Watu waliofukuzwa na askari maisha yao yote walipata nafasi ya kuwa askari wenyewe, na waliifurahia kupita kiasi. Vibati vikaanza kumiminika. Vingi zaidi vililetwa na wafanyakazi wa Bwana Michel, waliokimbilia chumvi na visamaki vya urefu wa kidole mikononi, bila kujua kwamba wanamshitaki bwana wao.

Bwana Octave akapeleka maneno yake kwa wakubwa, na amri ikaja kusomwa palepale ufukoni: hori imefungwa wakati wote wa mafuriko. Wavu utoke. Na migono itoke.

"Hata yangu?" shangazi aliuliza.

"Hata yako, mama," karani Gérard, aliyeisoma amri, akamjibu. "Samaki hajue kama aliingia mu wavu ao mu mugono."

Bwana Michel alicheka mpaka akakohoa. Akasema wavu wake hautatoka mpaka aone mgono wa mwisho umetoka.

Shangazi alikasirika. Najua, kwa sababu hasira ile tuliishi nayo nyumbani mwezi mzima. Lakini pale mtoni, mbele ya watu wote, alikunja kikwembe chake hadi magotini, akaingia majini, akaing'oa migono yake mmoja mmoja na kuitupa miguuni pa Bwana Michel. Kisha akasimama kumtazama, mikono kiunoni, na watu wote wakageuka kumtazama pia.

Wavu ulitoka kabla ya adhuhuri. Jioni tulikula ugali na sombe, majani ya muhogo matupu, na hakuna aliyethubutu kuuliza samaki wako wapi.